Anza na Sufuria Moja ya Maharage

Jumamosi ya kwanza niliyopika mwenyewe, maharage yalikaa jikoni tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na bado yalikuwa magumu. Nilikuwa nimetoka Morogoro kuja kutafuta maisha Dar es Salaam, nimepanga chumba kimoja Mwananyamala. Kwa miezi mitatu mchana nilikula kwa mama ntilie, usiku nikala chipsi. Kwa mama ntilie nilikula vizuri, tena nawashukuru, ila hela ilikuwa inaisha kabla mwezi haujafika katikati, na chipsi za kila usiku zilikuwa zinanivuruga tumbo. Basi nikanunua jiko la mkaa, sufuria mbili, mwiko, kisu na nusu kilo ya maharage. Nikatia kila kitu kwa mkupuo: maharage, nyanya nne, kitunguu, ndimu nusu, chumvi. Nikafunika.

Saa kumi jirani yangu, mama mmoja mtu wa Tanga, akapita uani na ndoo yake. "Mwanangu, unapika nini tangu asubuhi?" Nikamfunulia. Akachota punje moja kwa kijiko, akaipuliza, akaibana kwa vidole viwili. Haikubonyea. Akachungulia tena ndani ya sufuria.

"Umeyakaza mwenyewe. Nyanya na ndimu hazitiwi kwenye maharage mpaka yaive. Yakishaonja uchachu, yanagoma."

Tangu siku hiyo napika karibu kila siku, na wadogo zangu wanaoanza kupanga huniuliza waanzie wapi. Nawaambia wachague chakula kimoja wakipike mara kumi, hata wiki mbili mfululizo, kabla ya kukimbilia pilau. Mimi nilianza na maharage ya nazi, na bado ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo. Ndani ya sufuria hiyo moja zimo karibu kazi zote za jikoni: kuchambua, kuloweka, kuchemsha, kukaanga kitunguu, kuivisha nyanya, kutia tui, kukoleza chumvi. Ukiyaweza maharage, umeshaiweza nusu ya mchuzi wa samaki, kunde, choroko na kisamvu. Tena ni chakula cha bei nafuu, kwa hiyo ukikosea hujapoteza nyama ya watu.

Tuanzie sokoni. Maharage yaliyokaa sana ghalani huchelewa kuiva, mengine hayalainiki kabisa hata uyachemshe mchana kutwa. Yatazame: mapya yana ngozi inayong'aa, ya zamani yamefifia na kujikunja. Muulize muuzaji yameingia lini na yanaivaje. Wauzaji wengi wa sokoni hukwambia ukweli, kwa sababu wanataka urudi. Binafsi napenda ya njano, naona yanawahi kuiva na mchuzi wake ni mzito. Utasikia pia majina kama Uyole na Lyamungu. Hayo ni majina ya vituo vya utafiti wa kilimo vya Mbeya na Kilimanjaro, na mbegu zilizotoka huko zimebeba majina hayo mpaka sokoni.

Nyumbani, yamwage kwenye ungo au sinia pana, uyachambue mahali penye mwanga. Kijiwe kimoja kinatosha kuvunja jino. Yaoshe, yaloweke kwa maji mengi, mara tatu ya maharage yenyewe, yalale humo usiku kucha. Asubuhi yatakuwa yamevimba karibu mara mbili. Mwaga maji hayo, weka mapya, yapite juu ya maharage kwa vidole vinne hivi.

Sasa moto. Mwanzoni uwe mkali, yachemke kwa nguvu kwa dakika kumi au zaidi, ndipo uupunguze. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Mchemko wa nguvu ndio unaoiondoa. Moto wa kubembeleza peke yake hauiwezi. Kwa hiyo usiwe na tabia ya kutafuna punje ambayo haijaiva ili kujua imefikia wapi. Ibane kwa vidole kama alivyofanya yule mama. Maji yakipungua, ongeza ya moto, usimwagie ya baridi ukakata mchemko. Maharage yaliyolowekwa, tena mapya, huiva kwa saa moja mpaka moja na nusu. Ukiwa na sufuria ya presha, muda unapungua sana.

Wengi huona kazi imekwisha hapo, na ndipo utamu unapoanza. Kitunguu ndicho kilichonisumbua kuliko vyote, na naona ndicho kinachotenganisha chakula cha nyumbani na chakula cha kulazimisha. Kata vitunguu viwili vya wastani, vipande vyembamba na vinavyolingana, kwa sababu kipande kinene hubaki kibichi wakati chembamba kinaungua. Pasha mafuta kwa moto wa wastani. Dondosha kipande kimoja: kikilia taratibu na kuzungukwa na vipovu vidogo, mafuta yako tayari. Kikikaa kimya, subiri. Kikiruka na kutoa moshi, toa sufuria jikoni kwanza.

Ukishatia vitunguu vyote, usiondoke. Dakika za mwanzo vinatoa maji na sauti kubwa. Baadaye sauti inapungua, vinalainika na kuwa kama kioo. Ukivumilia zaidi vinaanza kuwa rangi ya dhahabu pembeni, na harufu inabadilika: ile inayochoma macho inaondoka, inakuja harufu tamu inayofika hadi uani. Mimi nilikuwa nakosea hapo kila siku. Nilikuwa natia nyanya vitunguu vikiwa bado vyeupe, kwa haraka ya njaa, na mchuzi wangu ukawa na ladha ya ubichi ambayo hakuna kiungo kilichoweza kuifunika. Mpe kitunguu dakika zake nane au kumi. Kisha kitunguu saumu kilichotwangwa, nusu dakika tu, maana huungua upesi na kuwa kichungu.

Nyanya nazo zina ishara yao. Zikatekate au uzikune, zitie pamoja na chumvi kidogo, funika. Zitachemka, zitapondeka, maji yatakauka. Endelea kukoroga mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni ya rojo. Hapo ndipo zimeiva. Kama una hoho na karoti, weka sasa. Kisha mimina maharage yaliyoiva pamoja na maji yake ya kuchemshia, maana mchuzi umo humo.

Nazi moja inatosha nusu kilo ya maharage. Ikune kwa mbuzi, tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kanda kwa mkono, kamua kwenye kifumbu au chujio safi. Hilo ni tui la kwanza, zito, liweke pembeni. Rudia machicha yale yale kwa vikombe viwili vya maji upate tui la pili, jepesi. La pili ndilo linalotangulia: litie kwenye maharage, lichemke nayo kwa robo saa. Tui zito liingie mwishoni, moto ukiwa mdogo kabisa, na mwiko usitulie mpaka lianze kuchemka polepole. Ukiliacha kwenye moto mkali bila kukoroga linakatika, mafuta juu na maji chini. Likikukatikia siku moja, kula tu, halina madhara. Kesho utakuwa makini zaidi. Siku huna nafasi ya kukuna, tui la pakiti linafaa, ila liongeze maji kidogo na ulitie mwishoni vilevile.

Chumvi onja mara tatu: baada ya nyanya, baada ya maharage, na baada ya tui, kwa sababu tui hupoza ukali wa chumvi. Ikikuzidi, ongeza maharage au tui jepesi. Naona wanaoanza wengi wanaogopa chumvi, kisha wanafidia kwa viungo vya pakiti vya kila rangi. Wiki mbili za kwanza jizuie. Pika kwa kitunguu, nyanya, nazi na chumvi peke yake, ulimi wako ujue kila kimoja kinafanya kazi gani. Baadaye ukiongeza bizari utaisikia.

Cha kulia maharage hayo nitasema kwa ufupi. Wali: kwa kikombe kimoja cha mchele tia maji kikombe kimoja na nusu mpaka viwili. Mchele wa zamani hunywa maji mengi, mpya hunywa machache, kwa hiyo ukinunua gunia au kilo mpya, sufuria ya kwanza ni ya kuujua. Maji yakikauka juu, punguza moto, funika vizuri, palia makaa machache juu ya kifuniko, uuache. Usifunue kila dakika. Mvuke ndio unaomalizia kuivisha.

Ugali unataka mkono zaidi. Chemsha maji, chota kidogo uyatenge. Unga wa mkono mmoja uvuruge kwa maji ya baridi kwenye bakuli, umimine kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, uwe uji. Uache utokote dakika tano. Ukiukwepa uji, ugali utakuwa na ladha ya unga mbichi. Kisha ongeza unga kidogo kidogo, ukisonga kwa kuukandamiza kwenye ubavu wa sufuria na kuugeuza, ili mabuje yapasuke. Ukiwa mgumu kabla ya wakati, tumia yale maji uliyotenga. Umeiva pale unapoachia sufuria wenyewe na harufu yake imekuwa kama ya mahindi ya kuchoma. Mabega yatauma siku za mwanzo. Dona linataka maji mengi kuliko sembe.

Kuna jambo moja nataka nilisisitize kwa wanaoishi chumba kimoja kama nilivyoishi. Jiko la mkaa usiliwashe wala kuliingiza ndani ya chumba kilichofungwa, hata likiwa limebaki na makaa machache, hata kama nje kunanyesha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu anaweza kulala asiamke. Pika uani au barazani, na jiko lilale nje. Mwenye gesi naye afungue dirisha, na akisikia harufu ya gesi asiwashe kibiriti wala swichi. Afunge mtungi, afungue milango, atoke nje.

Na kiporo. Mimi sikuwa na friji. Maharage ya nazi huchacha upesi kuliko yasiyo na nazi, kwa hiyo nilijifunza kugawa mapema: nachemsha nusu kilo nzima, naunga kwa nazi sehemu ya kula leo, iliyobaki naiacha bila nazi. Usiku naichemsha vizuri, nafunika, sizamishi tena kijiko, na asubuhi nachemsha upya kabla ya kuigusa. Ikitoa povu au harufu ya uchachu, naimwaga bila kujadiliana nayo. Wali uliolala nje kwenye joto la Dar siuli hata ukinukia vizuri, kwa sababu kuna vijidudu vinavyoota kwenye wali na kuacha sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Pika wali wa kuisha.

Usione haya kuuliza, ila uliza swali lenye ncha. Nilipokuwa nampigia mama simu na kumwuliza "mama, maharage yanapikwaje?" alikuwa ananijibu "unachemsha, unaunga," basi. Kwake ni kazi ya miaka arobaini, haoni tena hatua zake. Nilipoanza kumwuliza "vitunguu vinakuwa rangi gani kabla ya nyanya?" au "tui unalitia moto ukiwaje?" ndipo alipoanza kunifundisha kweli. Nilikuwa naandika kwenye daftari la shule: tarehe, nimetia nini, imekuwaje. Ukurasa wa tarehe 9 una maneno mawili tu, "chumvi nyingi". Wa tarehe 14 una moja, "nzuri".

Sufuria ya tarehe 14 ndiyo niliyochota bakuli la kwanza nikampelekea yule mama wa Tanga. Alilipokea mlangoni, akachovya kidole, akaonja palepale amesimama. Akaniuliza, "Nazi umekuna mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, shikamoo mama, nimekuna mwenyewe. Akaitika, akaingia ndani na bakuli.

Kesho yake asubuhi mwanawe mdogo akagonga mlango wangu. Bakuli langu lilikuwa limeoshwa, limejaa mihogo ya kuchemsha, bado inatoa mvuke.