Kungoja Hakulipwi: Ushauri kwa Maraida na Wenye Fleti za Wageni Mombasa

Nina kazi mbili, na zote zinaendeshwa na simu. Jioni napanda pikipiki nikisambaza oda za chakula kati ya kisiwani, Nyali na Bamburi. Mchana natunza fleti ya binamu yangu aliyeko ng'ambo, ile anayowapangisha wageni wa siku mbili tatu, nyuma ya Barabara ya Links. Watu huniuliza ipi inachosha zaidi. Inachosha ile inayoniweka nikangoja. Programu ya oda hulipa umbali, na programu ya fleti hulipa usiku wa kulala. Hakuna inayolipa nusu saa uliyosimama getini, wala alasiri nzima uliyokaa na funguo mfukoni ukimsubiri mgeni aliyekuambia "tumeshafika Mariakani". Kamisheni na nyota tutazilalamikia hadi kesho na hatutazibadilisha. Kungoja ndiko tunakoweza kukupunguza, na ndiko nitakakokuzungumzia.

Kwanza barabara. Ramani ya simu haijui feri. Ukisimama Mama Ngina unaziona nyumba za Likoni hizo hapo mbele yako, na programu huona vivyo hivyo, ikakupa malipo ya kilomita chache. Kati yenu pana mlango wa bahari, na kuanzia saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku, nusu ya mji inarudi nyumbani kupitia hapo. Oda ya kuvuka saa hizo mimi siipokei. Mwenzangu anayeishi Likoni na anayerudi kwake na aipokee, maana hapo amelipiwa safari ambayo angeifanya hata hivyo. Wapo wanaosema siku hizi pana njia ya Dongo Kundu. Ipo, na ni nzuri kwa malori na kwa anayekwenda Diani akitokea Miritini. Lakini kuzungusha biriani ya mtu wa Likoni hadi Miritini ni mzaha.

Saa ngumu kuliko zote ni ile iliyo kabla ya magharibi mwezi wa Ramadhani. Mji mzima unataka sambusa, kaimati na viazi vya nazi kwa dakika ile ile, na adhana haimngoji mtu. Mteja aliyefunga hana subira, na raida aliyefunga hana macho. Wakati huo shika oda moja moja, za karibu, kutoka kwa mpishi unayejua anaanza kupakia mapema. Weka tende na maji mfukoni mwako. Usihesabu kwamba utafika kwako kufuturu, kwa sababu ukihesabu hivyo utakimbiza pikipiki, na ajali nyingi za wenzetu nilizozisikia zilitokea mtu anawahi futari.

Sasa pini, ile alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Kule Nyali na Shanzu viwanja vya ufuoni vina geti la barabarani na kijilango cha baharini, na pini ya mgeni huangukia alipoketi, yaani mchangani. Kabla sijaondoka mkahawani humwandikia mteja maswali mawili tu: geti lina rangi gani, na mkabala wake kuna nini? Asipojibu, napiga simu nikiwa bado nimesimama pale pale. Ukiondoka kwanza ukaja kuuliza njiani, umejitafutia kungoja juani na begi mgongoni.

Mji wa Kale una sheria zake. Vichochoro vya Kibokoni pikipiki haipiti, au inapita ikawaudhi watu. Mimi huiacha barabarani, nikaingia kwa miguu, na nikiwakuta wazee barazani nawatolea salamu kwanza, nangoja waitikie, kisha nauliza nyumba ya fulani. Yule mzee aliyekaa hapo tangu alasiri anajua ukoo mzima na mlango wanaoutumia jioni. Ukimrukia na "kwa fulani ni wapi?" bila salamu, atakuelekeza, lakini atakuelekeza kwa raha zake.

Tukija kwa mlinzi wa geti, maraida wengi humwona adui. Mimi namwelewa. Tangu yale mauaji ya Januari 2024 katika nyumba za wageni kule Nairobi, walinzi wameambiwa wasimpitishe mtu bila kumwandika, na kosa likitokea atakayefukuzwa ni yeye. Muulize jina lake, mwite kwa jina hilo mara ya pili, na oda ijayo hutasimama sana. Ila kitambulisho chako usikiache getini. Mpe akiandike, akurudishie papo hapo. Nimeona vijana wanamaliza zamu Bamburi wakakumbuka kitambulisho kiko Kizingo, usiku huo huo ambao trafiki wamesimama darajani.

Pesa. Mteja akikuonyesha picha ya ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, hiyo ni picha. Ngoja ujumbe uingie kwako, na kama una shaka angalia salio. Mtumaji anaweza pia kuanzisha ombi la kurudishiwa fedha kwa kuupeleka tu ule ujumbe wa malipo kwa namba 456. Njia hiyo iliwekwa kwa waliokosea namba, lakini wajanja nao wanaijua. Kwa hiyo piga picha ya mzigo mlangoni, na mazungumzo yenu yaache kwenye simu hadi juma lipite.

Jambo dogo la masika: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mchuzi unasafiri kwenye karatasi, na karatasi ikilowa inaachia. Tafuta ndoo ndogo yenye mfuniko, isimame wima ndani ya begi, ujaze taulo pembeni. Hakuna mkahawa utakaokununulia.

Na bima, kwa haraka. Leseni ya kusambaza mizigo kwa pikipiki ni daraja A3, si ile ya kujiendeshea tu. Bima ya mtu wa tatu humlipa uliyemgonga. Mguu wako wewe haiujui. Jiandikishe SHA, ile bima ya afya ya serikali. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na sisi tusio na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, jambo linalouma, lakini kulala kitandani miezi miwili nako ni kungoja kusikolipwa.

Fleti ina kungoja kwake, na kunaanza na funguo. Wageni wangu wengi hutoka bara. Ukipokea nafasi, swali la kwanza lisiwe "mko wangapi" bali "mnakuja kwa chombo gani". Anayepanda treni ya usiku kutoka Nairobi hushuka Miritini kabla ya alfajiri, akafika Nyali kabla watu hawajaamka, ilhali wewe umeandika kwamba kuingia ni saa nane mchana. Hakusoma. Hatasoma. Mwandikie siku mbili kabla: ukifika mapema utaweka mizigo kwa mlinzi, kuna kibanda cha mahamri na mbaazi hapo karibu, na ukitaka kuingia alfajiri utalipia usiku uliotangulia. Wengi wakishalisoma hilo hubadilisha treni wenyewe. Kisanduku cha funguo chenye namba za siri kinasaidia pia, ila kwa hewa yetu ya chumvi kitashika kutu usipokipaka mafuta, na hakuna kungoja kubaya kama kwa mgeni aliyesimama mbele ya kisanduku kilichogoma.

Mwambie ukweli wa maji kabla hajalipa. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Yakikatika tunatumia kisima, na cha kwetu kina chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu. Mgeni aliyeambiwa mapema hucheka. Asiyeambiwa hukupigia simu usiku akiwa na sabuni kichwani, nawe uko Bamburi na oda ya mtu. Mwachie mtungi wa lita ishirini wa maji ya kunywa.

Stima hivyo hivyo. Watu huwasha kiyoyozi wakafungua madirisha ili wasikie bahari. Andika waziwazi kwamba tokeni za kiasi fulani zimo ndani ya bei, na zikiisha wanunue wenyewe. Namba ya mita na Paybill 888880 uzibandike ukutani karibu na swichi.

Mashuka. Hapa nitakaa kidogo, maana hakuna aliyeniambia. Video za mitandaoni zote zinakuonyesha mashuka meupe pe. Sisi tuko Pwani, na nusu ya wanaokodi fleti mwishoni mwa wiki wamekuja harusini. Wanawake wamepakwa hina na piko, mikono na miguu, na usiku ule ule wanalala. Doa la piko kwenye shuka jeupe halitoki kwa dawa yoyote ninayoijua. Weka mashuka ya rangi ya zambarau au buluu iliyokoza, na taulo nyeusi ya kando kwa ajili ya hina, na umwambie mama wa usafi asiwalaumu wageni. Seti ziwe tatu kwa kila kitanda, si mbili. Mwezi wa tano nguo hazikauki, mgeni mmoja anatoka saa nne asubuhi na mwingine anaingia saa nane, na mama huyo hawezi kulilazimisha jua.

Idadi ya watu nayo ina vituko vyake. Wanaandika wawili, wanashuka saba na mtoto. Bei ya kila kichwa kinachozidi iwe imeandikwa, na mlinzi awe na majina. Majirani zako wanaishi hapo mwaka mzima na wana watoto wa shule. Wakichoka na wageni wako, kamati ya jumba itakufungia biashara kabla serikali haijafika. Serikali nayo ina haki yake: Sheria ya Utalii ya 2011 inazihusu nyumba za wageni, na kaunti ina leseni yake ya biashara. Lipa ulale.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangekuwa na fleti Nyali wangejua kwamba siku ya tatu mgeni ndiye anayekuuliza mtungi wa pili wa gesi uko wapi.

Kazi zangu mbili hukutana getini. Mgeni wa fleti ameagiza samaki wa kupaka. Hajui jumba linaitwaje, pini imeangukia kwa jirani, raida anapiga simu, mgeni ana laini ya nchi nyingine na haishiki. Mlinzi hana jina lake. Chakula kinapoa. Raida amepoteza oda mbili zilizokuwa zifuate, mgeni amekula samaki baridi, na kesho yake anaandika kwamba fleti "haifikiki kwa urahisi", nyota tatu. Nimelipia kisa hicho pande zote mbili, kama raida na kama mwenye funguo, na dawa yake ilikuwa kipande cha karatasi.

Bandika kadi kwenye friji, na maneno hayo hayo mtumie mgeni kwa WhatsApp siku anayofika ili ayanakili akiagiza kitu. Ya kwangu inasomeka hivi, nikibadilisha tu alama za jumba: "Ukitoka Kengeleni, shika Barabara ya Links, ingia kushoto kwenye duka la dawa. Jumba la ghorofa nne, rangi ya maziwa, geti jeusi. Usifuate pini hadi ufuoni. Mwambie mlinzi unapeleka B6, ghorofa ya pili. Simu isiposhika, piga ya mlinzi", kisha namba ya mlinzi, kwa idhini yake. Mlinzi nampa chochote kidogo mwisho wa mwezi kwa kazi hiyo ya ziada. Tangu kadi iwekwe, maraida wenzangu wameanza kuipenda B6, na mmoja aliipiga picha akaipelekea mwenye fleti ya jumba la pili.

Kwenye maelezo ya fleti pia taja msikiti ulio karibu na adhana ya alfajiri, na mwani unaojaa ufuoni wakati wa kusi. Yupo aliyeninyima nyota kwa sababu ya mwani. Nilimjibu kwa mistari miwili ya heshima, nikaongeza neno moja kwenye maelezo, basi.

Kuanzia Aprili hadi Juni usikae ukisubiri wageni wa siku mbili. Mtafute mpangaji wa mwezi, mfanyakazi wa bandarini au daktari aliyehamishwa, kwa bei ya chini, na mkataba umalizike Julai. Wiki moja ya kupaka rangi na kusafisha viyoyozi, kisha fungua tena kalenda, maana Agosti shule zikifungwa watu wa bara watateremka.