Maziwa yakigoma kuganda, usikimbilie kuongeza reneti

Wengi wanaotengeneza jibini nyumbani hapa Moshi na Arusha, maziwa yakikataa kuganda huongeza matone ya reneti, yaani dawa ya kugandishia maziwa. Ni kosa. Reneti iliyozidi hubaki ndani ya jibini na kuendelea kukatakata protini, na baada ya wiki chache jibini inakuwa chungu. Na kilichozuia maziwa kuganda bado hakijaguswa.

Reneti ya ndama kazi yake hufanywa na kaimosini, kimeng'enya cha tumbo la nne la ndama anayenyonya. Ni ndugu wa pepsini, ile inayomeng'enya nyama na maharage tumboni mwako. Katikati ya kila kimoja zimekaa asidi aspatiki mbili zinazotazamana (kwenye pepsini ni ya 32 na ya 215 katika mnyororo wa asidi amino unaoijenga), na baina yake zimeshika molekuli moja ya maji. Asidi moja ina protoni, mwenzake hana. Kwa ushirikiano huo maji yale hukata kiungo cha protini. Zote mbili zikikosa protoni, kazi inasimama. Ndiyo maana ukoo huu unapenda uchachu, wenye protoni nyingi. Pepsini hustawi karibu na pH 2 (pH ni kipimo cha uchachu: ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi), kaimosini huvumilia pH 6.5 ya maziwa. Reneti ya mnyama aliyeshaanza kula majani huwa na pepsini nyingi zaidi, kwa hiyo reneti hiyo huhisi haraka zaidi maziwa yasipokuwa na uchachu wa kutosha.

Ndani ya maziwa, chembe za kaseini, protini kuu ya maziwa, zimevaa manyoya ya kappa-kaseini, aina mojawapo ya kaseini, yanayozifanya zisukumane. Kaimosini huyanyoa mahali pamoja tu, kati ya asidi amino ya 105 na ya 106. Sehemu kubwa ikishanyolewa, chembe hushikana, ila kushikana huko kunataka kalsiamu na joto.

Sasa turudi jikoni. Chanzo cha kwanza cha maziwa kugoma ni kuchemshwa. Tumezoea kuchemsha hadi yafure, na sababu ni nzuri, kwa kuwa maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu. Lakini kwenye mchemko protini za majimaji huganda juu ya yale manyoya na kuyafunika, kisu kisipate pa kukata, na sehemu ya kalsiamu hujitenga. Maziwa hayo hata ukiyawekea reneti mara tatu hutapata bonge thabiti. Pasha hadi nyuzi 63, shikilia hapo dakika 30 huku ukikoroga, kisha tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi hadi maziwa yashuke nyuzi 32. Kipimajoto hapa ni lazima, kidole hakitoshi.

Kwa lita 10, weka gramu 2 za kalsiamu kloraidi iliyoyeyushwa kwenye maji, na mililita 100 za mtindi mzuri. Subiri dakika 40 ili uchachu upande kidogo. Reneti ya maji ya nguvu ya kawaida (1:10,000) inatosha mililita 2.5, kama chupa yako inasema nguvu nyingine, fuata chupa. Izimue kwenye nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya bomba yenye klorini huua kimeng'enya kabla hakijafika kwenye maziwa, na kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Izimue wakati wa kuitumia, isikae. Koroga dakika moja, kisha acha.

Weka bakuli dogo la plastiki lielee juu ya maziwa na ulisukume kidogo kwa kidole kila dakika. Mwanzoni huzunguka bila shida. Maziwa yakianza kushika, husimama ghafla kana kwamba limeshikwa chini. Ikitokea dakika ya 12, zidisha kwa 3: kata bonge dakika ya 36 tangu ulipoweka reneti. Chomeka kisu, inua taratibu. Bonge likipasuka kwa mstari safi na majimaji yakawa ya kijani-manjano, kata. Yakiwa meupe, subiri.

Arusha mwezi wa Juni na Julai baridi hunyonya joto la sufuria upesi, na chini ya nyuzi 20 chembe zilizonyolewa hazishikani. Funga sufuria kwa blanketi. Moshi tatizo hili ni dogo.

Bado yamegoma? Zimua mililita 1 ya reneti hadi ifike mililita 40. Kwa sirinji vuta 2.5 na uweke kwenye mililita 250 za maziwa yako, na 2.5 nyingine kwenye maziwa ya asubuhi ya ng'ombe mwenye afya, yasiyochemshwa, yote nyuzi 32. Kikombe cha pili kikiganda, maziwa yako ndiyo mabaya. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutoa maziwa yenye pH ya juu, na kaimosini haiyapendi. Vyote vikibaki majimaji, tupa chupa ya reneti. Na yale maziwa ya kikombe cha pili usinywe.

Utomvu wa papai, unaolainisha nyama, si mbadala. Kimeng'enya chake, papaini, hutumia asidi amino nyingine, sisteini, si asidi aspatiki, nayo hukata protini popote inapofika. Maziwa yataganda, lakini bonge huvunjikavunjika na uchungu huanza mapema.