Kwa mwalimu mpya wa fizikia Nyanda za Juu: andika kile themomita inachosoma

Mwalimu uliyeripoti Mbeya au Iringa, karibu. Ukifika mada ya hali za maada, jaribio la kwanza kukusumbua litakuwa la maji kuchemka. Kitabu kinasema nyuzi 100. Mbeya mjini, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi; Iringa ni karibu 95, na ukipanda Kitulo inashuka hadi 91. Huku juu hewa inayakandamiza maji kidogo kuliko pwani, ndiyo maana yanachemka mapema na maharage yanachelewa kuiva. Mwanafunzi ataona 94, ataandika 100. Hiyo 100 usiipe alama.

Jaribio lenye utamu zaidi ni la nafthalini, ile ya vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 80. Kwanza soma pakiti: vidonge vingine vya kabatini ni paradiklorobenzini, na hiyo huyeyuka kwenye 53. Weka gramu 10 ndani ya testi tyubu, itumbukize kwenye bika la maji ya moto. Usiipeleke motoni moja kwa moja, mvuke wake unashika moto. Fungua madirisha pia, si mzuri kuvuta. Maji yetu ya nyuzi 94 yanatosha kabisa. Ikishayeyuka yote, itoe, futa maji nje ya tyubu, anza kusoma themomita kila nusu dakika hadi ifike 60.

Joto litashuka haraka, 88, 85, 82, halafu litagoma pale 80. Dakika zinapita, namba ni ileile. Chembe zinapojipanga kuwa yabisi zinatoa joto, nalo linafidia linalopotea hewani. Hapo ndipo wanafunzi huingiwa na hofu, wakadhani themomita imekufa, wakaanza kubuni 79, 78, 77 ili mstari wa grafu ya joto dhidi ya muda uteremke vizuri. Kuna kosa jingine la kwetu hasa: baridi ya Juni na upepo wa dirishani huipoza tyubu upesi mno, sehemu bapa ya grafu ikawa fupi hata isionekane. Isimamishe tyubu ndani ya bika tupu, inatosha kuikinga. Na themomita ikinasa kwenye nafthalini iliyoganda usiivute, itavunjika. Rudisha tyubu kwenye maji ya moto.

Ihifadhi grafu hiyo, kwa sababu darasa likiuliza kuhusu maada ya giza (na huuliza), utaihitaji. Waambie kwanza kwamba hiyo si hali ya nne baada ya yabisi, kimiminika na gesi. Nafasi hiyo ni ya plasma, yaani gesi ya chembe zenye chaji ya umeme, iliyomo kwenye Jua na kwenye radi. Kisha chora grafu nyingine: mwendo wa kitu dhidi ya umbali wake kutoka katikati. Zebaki huzunguka Jua kwa kilomita 47 hivi kwa sekunde, Dunia 30, Neptuni 5 na kidogo. Mstari unateremka. Mwaka 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani walitoa vipimo vya galaksi (kundi kubwa mno la nyota) ya Andromeda, na kule pembezoni mwendo haukuporomoka hivyo. Ulibaki zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde. Hawakuubuni uteremke. Galaksi nyingine zilipopimwa, mstari bapa ukajirudia. Nyota zinazoonekana hazina uvutano wa kutosha kushikilia mwendo huo; uvutano unaopungua ndio unaohesabiwa kuwa wa maada ya giza. Kwa hesabu za sasa, maada ya kawaida ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu, na hii ya giza, isiyotoa mwanga wala kuuzuia, ni kama 27.

Chembe yake haijanaswa bado. Huko South Dakota, Marekani, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, wanasayansi wanaivizia kwa tani 7 za xenoni iliyopozwa hadi karibu nyuzi 100 chini ya sifuri, kimiminika chini na gesi yake juu, ndani ya chombo kimoja.