Bogonvilia ndani ya bakuli

Mti wa kwanza niliojaribu kuufanya bonsai, yaani mti unaodumazwa na kulelewa ndani ya bakuli, ulikuwa mkrismasi, kwa sababu ambayo yeyote aliyekulia Tanga ataielewa: ifikapo Desemba miti hiyo huwaka wekundu kandokando ya barabara, nami nilitamani wekundu huo juu ya meza ya barazani. Mbegu zake ni ngumu kama kokoto, lakini nilizimwagia maji ya moto, nikaziacha zilowe usiku kucha, na zikaota bila shida. Mche mmoja niliulea kwa miaka saba, wala haukunipa hata ua moja. Shina lilinenepa, ila jani la mkrismasi, pamoja na vijani vyake vyote, huweza kufikia nusu mita, na hata likipungua ndani ya chungu hubaki kubwa mno kwa mti usiozidi urefu wa mkono. Anayetaka maua ningemshauri aanze na bogonvilia.

Wapo watakaosema kwamba bogonvilia ni mmea wa kuparamia wala si mti, na wana hoja. Hata hivyo, kisiki kilichotoka kwenye ua wa zamani, chenye unene wa paja la mtoto na gome lililopasukapasuka, kikikaa bakulini huonekana mti mzee kuliko miti mingi. Kwa hiyo usihangaike na kijiti cha unene wa penseli; tafuta mtu anayeng'oa ua wake ili ajenge ukuta. Mimi nilipata visiki viwili kwa jirani kwa njia hiyo, na kimoja nilikiua kwa huruma. Nilikiachia matawi na majani yake nikidhani yatakipa nguvu, kisha nikakung'uta udongo wote mizizini kama vile ningefanya kwa mche wa mwembe. Mizizi ya bogonvilia ni dhaifu na hukatika upesi, na majani mengi yanadai maji ambayo mizizi iliyokatika haiwezi kuyaleta. Ndani ya wiki moja kilikuwa kimekauka. Cha pili nilikikata matawi yote kabla ya kukichimba, nikakipanda kikiwa gogo tupu kwenye mchanganyiko wa mchanga mnene wa mto, mkaa uliopondwa na mboji kidogo, nikakiweka kivulini.

Baada ya wiki tatu hivi, vichomozo vyekundu vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti vilitokeza kwenye gome. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Majani ya mwanzo hutoka kwa akiba iliyomo ndani ya shina, na mizizi huenda bado haijaanza, kwa hiyo usikivute kisiki kukipima, na usikikimbize juani. Subiri mpaka machipukizi yarefuke na kukomaa.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni maji. Kwa miaka miwili nilimwagilia asubuhi na jioni, nikaongeza mbolea ya kukuzia, nikapata majani ya kijani yenye afya ambayo kila mgeni aliyasifu, na maua hakuna. Bogonvilia huchanua inapobanwa. Mizizi ikijaa kwenye chungu kidogo, jua likiipiga saa sita au zaidi kwa siku, na udongo ukiachwa ukauke mpaka ncha za majani zianze kulegea kabla ya kumwagiliwa tena, ndipo rangi huanza kutokea. Hata hivyo, bakuli la bonsai halina kina, na wakati wa kiangazi hukauka haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo kuibana mimea ni kazi ya kuitazama kila siku, si ya kuisahau. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni. Huku kwetu rangi hupungua wakati wa masika, hata ufanye nini.

Tunachokiita ua, kwa kweli, ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni vile vijibomba vyeupe vilivyo katikati. Ndiyo maana rangi hudumu kwa wiki kadhaa. Inapofifia, kata kila tawi ubakize macho (sehemu zinapochipua) mawili au matatu, kwa kuwa maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Vaa glavu, maana miiba yake haina mzaha.

Kuhusu waya, pinda tawi likiwa changa, linapoanza tu kuwa gumu kama mti, kwa sababu lililokomaa huvunjika ghafla. Tena ukague waya kila wiki, kwani tawi hunenepa upesi na waya ukaacha kovu. Vidonda vikubwa vya msumeno vikate kwa mshazari ili maji yasituame. Mbao yake ni laini na huoza: kisiki changu kina shimo ubavuni linaloingia kidole gumba, kwa sababu mkato wa kwanza niliuacha tambarare, na kila mvua ikaujaza maji.