Msimwite daktari Mwingereza

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: daktari aliyetoka nchi nyingine akaja kuwatumikia watu wetu, tumuenzi vipi? Mimi nina jina moja, Leader Stirling, na inaniuma kwamba vijana wengi ninaowatajia hawalijui kabisa.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1906. Mwaka 1935 alifika Tanganyika akiwa daktari wa upasuaji wa misheni, akaanza kazi Lulindi, upande wa Masasi, kwenye hospitali ya udongo na nyasi. Baadaye alihamia Mnero, kule Nachingwea. Wanaomsifu huanza na kisu chake, na wana haki, maana kupasua watu mahali pasipo umeme wala daktari mwenzako wa kushauriana naye si kazi ndogo. Mimi ningeanza na wauguzi. Huko kusini aliwafundisha vijana wa pale pale kazi ya uuguzi, na kwangu hilo linapita upasuaji wote. Daktari aliye peke yake akilazwa na malaria wiki mbili, wagonjwa wote wanakwama. Aliyefundisha wenzake anaweza kuugua, na vidonda vikaendelea kusafishwa.

Halafu kuna siasa, na hapa ndipo ninapomheshimu hasa. Uchaguzi wa mwaka 1958 ulikuwa wa kura tatu: mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilikubali masharti hayo kwa shingo upande, baada ya mjadala mkali Tabora. Stirling aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiwa upande wa TANU, wakati Wazungu wengi nchini walikuwa wakiiogopa. Uhuru ukaja, na mtu wa kurudi kwao angerudi bila kulaumiwa na yeyote. Yeye akachukua uraia. Hakungoja siku ya tatu apewe jembe.

Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimfanya Waziri wa Afya, naye ana miaka 69 tayari. Wapo wanaoulaumu uwaziri wake, hasa kwa sheria ya mwaka 1977 iliyozuia hospitali binafsi za biashara. Sheria ile ilikuja kulegezwa mwaka 1991, na sioni aibu kusema ilibana kupita kiasi. Ila nikitazama zahanati na waganga wasaidizi waliosambazwa vijijini miaka ile, naona mkono wa mtu aliyejua mgonjwa wa Lulindi hutembea umbali gani kabla ya kumwona mganga.

Sasa, tumuenzi vipi? Jina kwenye jengo halinitoshi. Ningependa kila mwanafunzi wa uuguzi Lindi na Mtwara asimuliwe habari zake mwaka wake wa kwanza, pamoja na habari za wauguzi wa mwanzo aliowafundisha, kabla wanaowakumbuka hawajaisha. Na skauti wetu wawasimulie wadogo zao, maana alikuwa Skauti Mkuu wa nchi hii.

Alifariki Dar es Salaam mwaka 2003, akiwa na miaka 97. Miaka 68 kati ya hiyo ilikuwa baada ya siku alipofika kwetu. Ndiyo maana nikisikia anaitwa daktari Mwingereza, huwa namsahihisha msemaji papo hapo.