Krismasi ya Muheza ndani ya kichumba cha dola 18

Juzi dada mmoja aliyeko Minnesota kaniandikia: kapata kichumba cha wanasesere duka la mitumba, anataka kukipamba kabla ya Krismasi, aanzie wapi? Nilimjibu mistari miwili tu, lakini swali lake likanikesha. Basi leo naeleza yote.

Changu nilikinunua hapa Chicago kwa dola 18. Sanduku la mbao lenye kioo mbele. Ndani meko ya ukutani, karatasi ya kijani iliyobanduka pembeni, na harufu ya sigara. Kazi ya kukisafisha sitaisimulia, ilichukua wiki nzima.

Mwaka wa kwanza niliharibu. Nilikuwa nimetoka kuangalia vichumba vya Narcissa Thorne pale Art Institute, jumba la sanaa la hapa Chicago, vichumba vidogo 68 vilivyotengenezwa kati ya 1932 na 1940, na baadhi yake huvikwa mapambo kila mwisho wa mwaka. Nikarudi na kiu. Nikanunua mti, soksi, kulungu, theluji ya kopo. Vile vyumba vina kipimo chake, inchi 1 kwa futi 1, yaani kila kitu hupunguzwa mara 12, nami sikupima chochote. Mti wangu ulikuwa inchi 11, dari inchi 9. Nikaukunja kilele, nikagandisha kila kitu kwa gundi ya moto. Januari nilipobandua, rangi ya sakafu ikatoka nayo.

Kwa hiyo pima. Na usitumie gundi; tumia nta laini, chembe ndogo kama punje ya ulezi chini ya kila kitu.

Mwaka uliofuata niliacha kuiga. Nikajiuliza, Krismasi ninayoijua mimi ikoje? Ni sebule yetu Muheza, kule Tanga: tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, pamba juu yake, mapulizo, kadi zimetundikwa kwenye uzi, vitambaa vya mama vya kufuma juu ya kila kochi. Vile vitambaa nilivifuma kwa uzi wa cherehani, kila kimoja kikubwa kama kucha ya dole gumba. Kwa kipimo kile, kanga ya sentimita 150 inakuwa 12 na nusu, lakini ukikata kanga halisi ua moja linajaza kochi zima. Nilipiga picha kanga ya mama, nikaipunguza, nikaichapisha kwenye pamba nyembamba. Mpaka na jina vikasomeka. Halafu machungwa, maana Muheza bila machungwa si Muheza: vidonge vya udongo vya milimita 6, nikavigongesha kwenye msasa vikiwa bado laini ili ganda lipate vitundu. Niliyaweka 40 kwenye kapu kando ya mlango.

Nikakipeleka kwenye maonyesho ya kikundi kimoja cha wapenzi wa vyumba hivi. Mama mmoja mwenye sauti pale akauliza mbele za watu, "Krismasi iko wapi hapa?" Kichumba changu kikasogezwa mwisho wa meza. Niliendesha gari mpaka nyumbani bila kufungua redio. Miaka miwili sasa, bado naisikia ile sauti.

Mwezi huu kipo dirishani kwenye maktaba ya mtaa wetu. Wameniomba wenyewe. Wiki iliyopita nilimkuta mtoto kabandika pua kwenye kioo anahesabu machungwa.

Ndugu zangu mlioko ugenini, acheni kupamba nyumba ya mtu mwingine! Mnaogopa nini? Ukiwa na kichumba chako, weka kreti ya soda, weka sufuria ya pilau, weka viatu vipya vya watoto vimepangwa mlangoni. Atakayeuliza Krismasi iko wapi, mwonyeshe kwa kidole.

Na wewe dada wa Minnesota, usinunue mti kesho. Chukua rula usiku huu, pima dari, nitumie namba.