Zoezi la kuona upepo

Msomaji anayepima hewa katika mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi, Kanda ya Ziwa, anauliza: "Shikamoo mwalimu. Ripoti yetu inasema 'zoezi la uonyeshwaji wa uwepo wa mtiririko wa hewa kwa njia ya macho.' Hapo ni hewa au upepo? Na ile mbinu ya maabara iitwayo shilireni tuipe jina gani?"

Marahaba. Nianze na usiloliuliza, maana ndilo linaloniwasha: hilo zoezi. Limetokana na kuzoea. Mwanafunzi hufanya zoezi la hesabu, askari zoezi la shabaha, wanarudia mpaka mkono uzoee. Siku hizi kila kazi ni zoezi: zoezi la uchaguzi, zoezi la chanjo, zoezi la kugawa vyandarua. Juzi nilikuwa msibani, mshereheshaji (naam, misiba nayo ina washereheshaji) akashika kipaza sauti: "Sasa tunaelekea kwenye zoezi la kumzika marehemu." Nikalitazama jeneza. Kumbe tunajaribu tu? Tukikosea tutamfukua turudie? Likaja zoezi la mashada, likaja zoezi la shukrani, mwisho zoezi la chakula. Hilo la mwisho nalikubali, kwa jinsi waombolezaji walivyolirudia.

Turudi mgodini. Mmoja wenu anaminya kichupa, moshi mweupe unatoka; mwenzake yuko mita 10 mbele, taa ya kofia inaumulika, saa mkononi. Ukimfikia kwa sekunde 20, upepo unakwenda nusu mita kwa sekunde. Zoezi liko wapi? Mmepuliza moshi, basi. Na hiyo "njia ya macho" inanipa picha ya watu wanaokonyezana gizani. Andikeni "kwa mwanga."

Hewa tumeipata kwa Waarabu. Upepo ni wetu, ndugu yake kupepea. Feni kuu ikizimwa, hewa imo, upepo hakuna. Kwa hiyo "mtiririko wa hewa" naupitisha. "Mtiririko wa upepo" ni sawa na kusema mwendo wa kutembea.

Shilireni ni Kijerumani, maana yake michirizi. Mwanafizikia Mjerumani, August Toepler, aliikuza mbinu hiyo mwaka 1864: mwanga ukipita kwenye hewa nyepesi na nzito hupinda, na ncha kali kama ya wembe ikiukinga kidogo, mpindo huonekana kama kivuli. Ndugu yake mnamjua, ni mazigazi, yale maji ya uongo juu ya lami saa saba mchana. Iiteni mbinu ya michirizi. Hewa ikiwa ya namna moja tupu haionyeshi kitu, ndiyo maana huko chini bado mnabeba moshi.

Sentensi yenu basi: "Tulipuliza moshi tukaona upepo unaelekea wapi." Bosi akisema ni fupi mno kwa ripoti, mchomekeeni "uwepo" mmoja. Huo nimechoka kupigana nao.